Maji na Afya: Ninunue mashine ya ozoni kwa kisima changu?

Mtaalamu wetu, aliyefanya kazi maabara ya maji hadi kustaafu, anajibu maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi.

Swali: Shikamoo mzee wetu. Naishi Mikindani, karibu na bahari. Uani tuna kisima cha kuchimba kwa mkono. Maji yake yana chumvi kidogo na ladha ya kutu, ila ndiyo tunayokunywa, na majirani nao huchota. Juzi alikuja kijana anayeuza mashine ya ozoni, kiboksi cha umeme chenye mpira mwembamba na kijiwe cha kutoa mapovu. Alikitumbukiza kijiwe kwenye ndoo ya maji yetu, punde maji yakawa rangi ya chai. Akasema hiyo ndiyo sumu tunayokunywa, na kwamba mashine inaua vijidudu vyote, inatoa chumvi na inashusha presha. Mama mkwe, ambaye ana pumu, ananihimiza niinunue tuiweke jikoni. Nifanyeje? (Msomaji, Mikindani)

Jibu: Marahaba mwanangu. Usinunue.

Nianze na hiyo rangi ya chai, maana ndiyo iliyokutisha. Ni chuma. Maji ya kisima chako yana chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo unasikia ladha ya kutu. Ozoni ikikigusa kinageuka kutu palepale na kuonekana. Jaribu mwenyewe bila mashine: jioni chota maji kwenye ndoo nyeupe, yamimine mara kadhaa kutoka ndoo moja kwenda nyingine ili yapate hewa, yafunike kwa kitambaa chepesi hadi asubuhi. Kuna uwezekano mkubwa utakuta masimbi ya rangi ya matofali yametulia chini. Hewa ya kawaida inafanya kazi ileile, polepole. Kijana alikuonyesha kutu akaiita sumu, na mtu anayemtisha mama kwa maji ya watoto wake ili auze kiboksi ananiudhi sana.

Ozoni yenyewe siibezi hata kidogo. Ni oksijeni, ila badala ya atomu 2 ina 3, na ile ya tatu haitulii, inarukia chochote kilicho karibu. Hutengenezwa kwa kupitisha hewa kavu au oksijeni katikati ya umeme wenye msukumo mkubwa. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji yake kwa ozoni mwaka 1906. Na mwaka 1993 kule Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliharisha kwa kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida haikiwezi. Baadaye mji huo uliweka mitambo ya ozoni, kwa sababu ozoni inakiweza.

Lakini mitambo hiyo haifanani na kiboksi cha jikoni. Kiwandani maji hukutana na ozoni ndani ya tangi lililofungwa, na mtu anapima. Kipimo kilichozoeleka tangu zamani kwa ajili ya virusi ni miligramu 0.4 kwa lita, zidumu ndani ya maji dakika 4. Gesi inayobaki juu hukusanywa na kuharibiwa kabla haijatoka nje. Kwenye ndoo yako nani atapima? Ozoni haipendi kuyeyuka ndani ya maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya yale mapovu inapanda juu na kuingia kwenye hewa ya jikoni. Gesi hiyo inachoma mapafu, na mwenye pumu ndiye anayeumia kwanza. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa heshima, lakini mwambie. Isitoshe, hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na mashine isiyo na kikausha hewa hutoa ozoni pungufu pamoja na tindikali inayoila yenyewe kwa ndani.

Tuseme imefanya kazi vizuri. Ozoni haikai. Katika maji ya uvuguvugu kama yetu inapotea ndani ya dakika chache. Maji yakimiminwa kwenye dumu, akaja mtoto na kata aliyoiokota chini, hakuna kinachoyalinda tena. Klorini inabaki, na ndiyo maana hata miji yenye ozoni mara nyingi huongeza klorini kidogo kabla maji hayajaingia kwenye mabomba.

Kubwa kuliko yote kwako ni chumvi. Umesema kisima kiko karibu na bahari. Kama chumvi hiyo imetoka baharini, imekuja pamoja na bromidi. Bromidi yenyewe haina neno, ila ozoni huigeuza kuwa bromati, kitu kinachoshukiwa kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wake mikrogramu 10 tu kwa lita moja. Huioni, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Yaani mashine ingeweza kuingiza kwenye maji yenu kitu ambacho leo hakimo. Na chumvi yenyewe haiguswi kabisa na ozoni. Habari ya presha ni uongo, anayetumia dawa za hospitali asiziache.

Hela hiyo peleka kwenye kisima. Jenga ukingo uliopanda juu ya ardhi, weka mfuniko, na sakafu ya saruji kuzunguka ili maji yaliyomwagika yasirudi ndani. Ndoo ya kuchotea iwe moja, ining'inizwe, isilazwe mchangani. Hakikisha choo kiko mbali, mita 30 au zaidi, chenu na cha jirani pia. Ulizia ofisi ya maji ilipo maabara ya kupima chumvi, chuma, naitreti (kemikali inayoingia kisimani kutoka vyooni na kwenye mbolea) na vijidudu vya kinyesi. Ukipima mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ndipo utakapoona chumvi katika hali yake mbaya.

Ya kunywa yaache yatulie kwanza, uchuje, ndipo utie dawa ya klorini kama pakiti inavyoelekeza, usubiri nusu saa. Usianze na dawa maji yakiwa bado na kutu, maana chuma kinaimaliza kabla haijafika kwa vijidudu. Ya mtoto mchanga na ya mama mkwe yachemshe mpaka yatokote vizuri, kisha uyahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba.

Swali: Chupa ya maji ninayonunua imeandikwa kuwa maji yametiwa ozoni, lakini nikifungua sisikii harufu yoyote. Nimeuziwa ya bomba? (Msomaji, Lindi mjini)

Jibu: Kukosa harufu hakuthibitishi hivyo. Kiwandani hutia ozoni kidogo wakati wa kujaza, inasafisha maji pamoja na chupa na kizibo, kisha inarudi kuwa oksijeni kabla chupa haijafika dukani. Angalia alama ya TBS, tarehe, na kama kizibo kimekatika. Chupa ukishaifungua, hasa ile kubwa ya kukalia kwenye kipooza maji, haina ulinzi wowote ndani yake, na koki za vipooza vingi hazijawahi kuoshwa. Yako ioshe.