Usimfute Shangazi

Wiki jana msichana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia: "Dada, nataka kuandika riwaya ya kuchekesha juu ya watu wa kwetu. Baba ana nyumba mbili, na bi mdogo ndiye aliyenilea. Lakini nyumbani watanila mzimamzima. Nifanyeje?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo mimi limenila miaka minne.

Riwaya yangu, kwa ambao hamjaisoma (na mko wengi, nawajua), ni ya kijana na msichana wa Kibokoni. Kadi zimegawanywa, mchele wa pilau uko ndani, mbuzi wamefungwa uani. Usiku wa kuamkia nikahi, shangazi mtu, tambuu shavuni, anakumbuka kwamba bwana harusi alipokuwa mchanga mamake aliugua, akanyonyeshwa na mamake bi harusi. Basi hapo harusi imekufa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi hapa pwani, mtoto akinyonya mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, aliyemnyonyesha ni mamake, na wanawe wote ni nduguze. Nusu ya kitabu ni ugomvi wa hesabu: mara nne au mara tano? Shangazi anahesabu kwa vidole, na kila akirudia, kidole kimoja kinazidi.

Utamu wenyewe ni kwamba udugu huo haumgusi mdogo wake bwana harusi. Yeye hakunyonya pale, kwa hivyo yuko huru kumwoa bi harusi yule yule. Mchele haukupotea. (Haya, nishawapa mwisho bure.)

Kisa hicho sikukitunga chote. Kitu kama hicho kilitokea mtaani kwetu kabla sijazaliwa, na shangazi wa kitabuni ni shangazi yangu mimi, ndugu yake baba, kwa sauti na kwa tambuu. Ndipo nikaogopa. Katika mswada wa pili nilimfuta, nikaweka jirani mpole asiye na jina. Nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi. Baada ya miezi minane nikajibiwa mistari mitatu: hadithi haina chumvi, na jamaa ni wengi mno, msomaji hataelewa mama mdogo ni mama au si mama.

Mama mdogo ni mama. Mpaka leo nikiukumbuka mstari ule nasikia moto kifuani.

Miaka miwili iliyofuata nairuka. Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi, basi. Mpaka jioni moja ndani ya feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa nazi na akina mama wawili. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwa nini hawezi kumdai pesa fulani: "Ni mtani wangu, mtoto wa mjomba. Nikimdai ataniambia nimuuze mume wangu." Mwenzake alicheka hadi akashika ukingo wa chuma. Nilifika ng'ambo nikamrudisha shangazi usiku ule ule, na vidole vyake vyote.

Nilichapisha nakala 300 kwa pesa zangu. Jumamosi iliyopita niliuza ya mwisho. Sijivuni, lakini 300 si mchezo kwa mtu aliyeambiwa hana chumvi.

Sasa, mdogo wangu wa Kisauni, ushauri wangu: kwanza, usimfute shangazi. Pili, waite watu kwa majina wanayoitana. Bi mdogo aliyekulea unamwitaje mbele ya mamako, na unamwitaje mkiwa wawili jikoni? Pengo lile kati ya majina mawili ndiyo riwaya yako. Tatu ni ile ya kwanza: usimfute.

Maana tumezidi, jamani. Tunaandika baba, mama na watoto wawili kwenye gorofa, kama tangazo la siagi. Nani kati yetu kalelewa hivyo? Tumelelewa na mama wakubwa, masomo waliotufunda, mawifi, ndugu wa kunyonya, watani waliotuibia mikufu kwa haki yao. Tukishika kalamu tunawaonea haya. Haya hizo muogopeni Mungu, mziache.

Ndiyo, kuna gharama. Shangazi alisomewa kitabu barazani na binti yake, na tangu Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani, hadi Mfungo Tatu hakuitika salamu zangu. Nilipeleka mahamri, yakarudi. Nilipeleka halua, haikurudi, lakini na yeye hakuja.

Siku ya Idi ya kuchinja akaniita. Nikakaa chini mkekani nikingoja kisu.

"Yule mama yuwanifanana," akasema, akitafuna polepole. "Lakini umemfanya muongo. Mtoto alinyonya mara sita."