Mama Akinyi, kuhusu binti kuja kucheza baleti huku Uingereza

Umeuliza mawili: kama Akinyi, mwenye miaka 11, anunuliwe viatu vya pointi (vile vyenye ncha ngumu vya kusimamia vidole) sasa, na kama kazi hii itamlisha. Nawajibu pia wazazi wengine wa hapo Kisumu wanaouliza hayo hayo.

Kwenye viatu ndiko wengi huharakisha. Umri peke yake hautoshi. Akikaa chini na kunyoosha mguu hadi vidole vielekee mbele, mstari wa muundi hadi vidoleni usikatike kwenye kifundo. Kisha asimame kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ainue kisigino na kukishusha mara 20 bila kuyumba. Akishindwa, asubiri. Ukimpandisha mapema, uzito unaangukia mifupa inayokua na kifundo kinazoea kulala upande.

Wengi hudhani ncha ya kiatu ni mbao. Kwa kawaida ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo hulainishwa na jasho na joto. Mchezaji mkuu wa kampuni ya baleti anaweza kumaliza jozi katika onyesho moja. Jozi ni pauni 50 au zaidi, na mwanafunzi hujinunulia. Riboni unashona mwenyewe: kunja kisigino cha kiatu kielekee mbele, shona pale mkunjo unapoishia, sindano isiguse kamba ya kukazia, halafu unguza ncha za riboni kwa kiberiti zisifumuke. Kwa unyevu wa ziwa, Akinyi asivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Avianike penye upepo, tena awe na jozi mbili za kupokezana. Akihisi anazama ndani na kidole gumba kinauma, kiatu kimekufa. Wanaoendelea kukivaa ndio huteguka.

Rangi nayo ilikuwa kero. Wachezaji weusi walilazimika kuvipaka viatu vya waridi vipodozi vya uso vifanane na ngozi yao, hadi mwaka 2018 watengenezaji wa viatu Freed of London walipoanza kutengeneza vya kahawia kwa kushirikiana na kampuni ya baleti ya Ballet Black. Jambo hilo lilichelewa mno.

Kazi yenyewe ni nzuri kupita maelezo. Wachezaji 24 wakiinua mkono kwa pumzi moja, bila kutazamana, ukumbi mzima unanyamaza. Lakini safu hiyo hiyo husimama tuli dakika kadhaa kwa mguu mmoja huku misuli ya muundi ikikaza, na hakuna ruhusa ya kuhama. Kila asubuhi kuna darasa la kama saa moja na nusu, hata kwa mkongwe, kisha mazoezi mchana na onyesho usiku. Mifupa ya wayo hupata nyufa, kano ya kisigino huvimba, na wengi huacha kabla ya miaka 40. Ukienda kutafuta nafasi, nauli ni yako. Unabandikwa nambari kifuani na unaweza kurudishwa nyumbani kabla hujaruka hata mara moja.

Na pesa? Viza ya mwanafunzi hapa hairuhusu kutumbuiza kwa malipo, isipokuwa kazi iliyo sehemu ya kozi. Kwa hiyo mkifanya harambee, ihesabu karo, kodi ya nyumba, chakula na viatu vya miaka yote ya masomo. Msihesabu tiketi ya ndege tu mkitarajia atajitegemea akishafika.