Chupa ya kioo hurudi, ya plastiki hubaki

Mmeuliza wiki hii: "Visiwani hakuna lori la taka wala bomba la majitaka. Uchafu wa mwaloni, yaani ufukweni boti zinapotua, aubebe nani?" Nina hoteli ndogo ya chakula, meza tatu na jiko la kuni, kwenye kisiwa kimoja cha Ssese katika Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala, Uganda. Wilaya yetu ina visiwa 84, na changu ni katika vile ambavyo ukikohoa upande huu, wa upande wa pili wanakusikia. Kwa hiyo najibu kama shahidi na kama mshtakiwa pia, maana uchafu mwingi wa huku hupita mezani kwangu kwanza.

Jibu langu: aubebe aliyeuleta, yaani boti.

Angalieni soda. Boti ileile ya kutoka Kasenyi, mwalo wa bara karibu na Entebbe, hutuletea soda ya kioo na soda ya plastiki. Ya kioo sijawahi kuiona ikielea ziwani. Mvuvi anaweza kulewa akasahau viatu vyake, lakini hatoki na chupa yangu ya kioo, kwa sababu nisipopeleka kreti na chupa zake zote, mwenye duka la jumla ananilipisha. Ya plastiki haina mwenyewe. Hutupwa majini usiku, na mchana upepo wa ziwani huirudisha palepale tunapochota maji. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nayo serikali ilitangaza kuipiga marufuku tangu 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikakataza tena ile nyembamba. Huku mukene, yaani dagaa, bado wanafungwa humohumo.

Mwaka jana nikajaribu. Kila soda ya plastiki nikaipandisha shilingi 200, anayerudisha chupa anarudishiwa zake. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili watoto wakaniletea chupa za kisiwa kizima, nyingine zimeota ukungu wa kijani, na kila mmoja ananidai 200! Nilikaribia kufilisika. Binti yangu ndiye aliyepata dawa: tunatia alama ya rangi ya kucha kwenye kitako cha chupa kabla ya kuuza. Zisizo na alama nazipokea pia, ila kwa andazi moja kwa chupa kumi. Zikijaa gunia, mwenye boti huzipeleka Kasenyi kwa wanunuzi wa plastiki. Bei yao ni ndogo mno, haitoshi hata nauli ya gunia, lakini tumeelewana: yeye hubeba bure, nami simtozi chai. Kama wenye maduka na mabaa wote wa mwaloni wangefanya hivi, na wenye viwanda wakaweka dhamana kwenye plastiki kama kwenye kioo, nisingekuwa na la kuwaandikia.

Sasa majitaka, ambayo ndiyo yanayotuua kimyakimya. Mkija na ushauri wa "chimbeni choo", nawaomba mshike jembe nyinyi. Upande wa mashariki ni mwamba, jembe linarukia usoni. Upande wa mwalo ni mchanga: ukienda chini kidogo kuta zinaporomoka, na ukibahatika kufika mbali unakutana na maji, ambayo ni ziwa lenyewe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kimo ambacho wazee walikuwa hawajakiona tangu 1964, likaingia vyooni. Yaliyotoka humo kila mtu aliyaona.

Hapo ndipo kichocho kinapopata riziki. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, na baada ya wiki kadhaa vinatoka kuwatafuta watu na kupenya ngozini. Dawa tunapewa, na inaua minyoo iliyo mwilini, lakini haimkingi mtu na minyoo mipya. Mvuvi humeza vidonge leo, kesho alfajiri yuko majini hadi kiunoni akisukuma mtumbwi.

Choo kilichotufaa hakikuchimbwa, kilijengwa juu. Ni vyumba viwili vya tofali na saruji vilivyokalishwa juu ya mawe, unapanda ngazi kama unaingia ghorofani. Mkojo una njia yake pembeni, kinyesi kinabaki kikavu, na kila anayemaliza anamwagia kopo la majivu. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima, tunahamia cha pili. Majivu yanatoka kwenye jiko langu na kwa akina mama wanaokausha samaki kwa moshi. Mlinzi hutoza shilingi 300, jambo ambalo silipendi, kwa kuwa wavuvi wanaorudi saa kumi na moja alfajiri hawana senti mfukoni, na ziwa halitozi. Nimemwambia mwenyekiti wa LC, yaani baraza letu la mtaa, alfajiri iwe bure. Anasema atafikiria, na mwaka wa pili huu bado anafikiria.

Maji ya vyombo zamani niliyamwaga mchangani yakateremka ziwani na mafuta yake. Sasa yanapita kwanza kwenye ndoo yenye nyasi kavu inayokamata mafuta, kisha shimo la mawe, na pembeni nimepanda magimbi. Maganda ya matoke ni ya nguruwe wa jirani, ingawa mimi mwenyewe nguruwe sili.

Kilichonishinda ni pampasi, yaani nepi za watoto za kutupa. Zikishatumika hakuna anayezinunua, haziungui zikiwa mbichi, na mbwa wanazifukua. Tunazifukia mlimani, mbali na maji, na juu tunapanga mawe. Wiki hii magunia manne ya chupa yanasubiri boti ya Jumanne, na shimo la pampasi limebakiza kama futi mbili kujaa.