Wikiendi ya pikipiki mke na mume mpaka Ukerewe: mwendo auseme aliyekaa nyuma

Kuna msomaji wangu mmoja kanitumia video ya mke na mume wako Marekani, Vermont, wanakata barabara na pikipiki katikati ya miti myekundu na ya njano, afu chini kaandika, "Dada, mume wangu kanunua pikipiki na mimi natamani hivi hivi, ila sisi Mwanza tuna mawe tu, tutaenda kuangalia nini?" Mdogo wangu, nimekaa na hiyo meseji tangu juzi, mana hilo swali na mimi nililibeba muda mrefu na jibu lake nimelipata nikiwa nyuma ya pikipiki ya mume wangu, kutoka Igoma hapa Mwanza mpaka Nansio, kisiwani Ukerewe.

Kwanza tumalizane na hizo rangi. Kule kwao majani yanageuka mwisho wa Septemba na Oktoba kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile inayofanya majani yawe ya kijani, basi njano iliyokuwa imejificha ndani inaonekana, na miti mingine inatengeneza wekundu mwishoni kabisa kabla majani hayajadondoka. Sisi tuko nyuzi kama 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba unapishana dakika chache tu, kwa hiyo ukisubiri majani ya Vermont hapa Mwanza utazeeka. Lakini Novemba vuli ikishashika toka ndani uone! Mikrismasi inakuwa myekundu juu mpaka chini, na huo mti kwao ni Madagaska lakini sasa ni wetu. Miembe inatoa majani machanga ya rangi ya shaba. Na ukivuka Daraja la Magufuli pale Kigongo kwenda Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, ukasogea mpaka kwenye miyombo ya upande wa Geita mwezi wa 9 au wa 10 kabla mvua hazijakolea, unakuta majani mapya yanatoka mekundu yenyewe. Yaani kwao yanakuwa mekundu yakiaga, huku kwetu mekundu ni yale yanayozaliwa, na mimi ya kwetu nayapenda zaidi.

Sasa niwape ya kwangu. Mimi na mume wangu tulifika mahali tunaongea ada, luku na kodi ya fremu, basi. Hatukugombana, hapana, tulinyamaza tu, na kunyamaza ndani ya nyumba ni kubaya kuliko kelele. Yeye ana pikipiki ya cc 150, anaendea kazini. Siku moja nikamwambia baba watoto, Jumamosi nipeleke mbali. Akaniangalia, akauliza mbali wapi, nikasema mpaka barabara iingie ziwani.

Watoto tukawapeleka kwa bibi yao. Hapo ndo maneno yakaanza. Wifi yangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba mama mzima na watoto wangu naenda kuuza sura barabarani, na kina mama tunaosali nao wakacheka. Hilo neno lilinichoma na bado linanichoma, sitaki kudanganya. Mtu akipanda boda kwenda kwenye msiba hakuna anayesema kitu, akipanda na mume wake kwenda kufurahi anaitwa hana adabu. Kwa nini? Nani alituambia ndoa ni ya kubeba mizigo tu?

Tulitoka alfajiri, Igoma, Kisesa, Magu, malori bado machache. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kina kaka, mana ushauri wangu wote uko hapa. Kabla hatujaondoka tulikubaliana ishara. Nikimgonga bega la kulia anasimama, nikimbana kiuno anapunguza, na hatuulizani kwa nini mpaka tusimame. Mwendo ni wa aliyekaa nyuma. Anayeendesha ana hendeli, ana braki, anaona shimo na tuta kabla halijafika, yule wa nyuma hana kitu zaidi ya mgongo wako, kila tuta na kila rasta analipokea kiunoni bila taarifa. Ukimwona kakaza magoti ujue anaogopa, punguza. Mume wangu alipunguza kila nilipomwomba, na mimi kila alipopunguza nikazidi kumpenda, naandika hivi na sioni aibu.

Na wewe mwanamke usikae upande kama uko kwenye boda ya mtaani. Kaa ukipanua, vaa suruali, kanga ibaki kwenye begi utajifunga ukifika mbele za watu wazima. Kitenge kinachopepea nyuma kikidakwa na cheni au spoku ni kifo, wala si mchezo. Helmeti wote wawili, tena sheria inamdai hata abiria, sio ile ya kushika mkononi mpaka umwone trafiki. Fundi aangalie cheni siku moja kabla, na tairi la nyuma lijazwe upepo wa kubeba watu wawili, mizigo ifungwe kwenye keria isikae katikati yenu.

Lamadi tukanywa chai na chapati. Pale ndo nilijua safari imeshafanya kazi yake hata kabla ya kufika, mana tuliongea. Yaani unapokuwa barabarani husikii kitu kwa upepo, kwa hiyo maneno yanajaa tumboni, mkisimama yanamwagika yenyewe. Aliniambia habari za kazini ambazo sikuwahi kuzisikia, mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Mbele ya Lamadi, kabla ya Bunda, barabara inapita pembeni ya Serengeti, pale Ndabaka, nyani wamekaa barabarani na pundamilia unawaona kwa mbali. Hapo msisimame kupiga picha na nyani na msiwape chakula, piteni taratibu tu.

Bunda mnaacha barabara ya Musoma mnakunja kushoto kwenda Kibara na Kisorya, na huko ndo utamu. Ziwa linaanza kujitokeza, linapotea, linajitokeza tena, mikrismasi kwenye shule na makanisa imechanua, maua yamemwagika chini mpaka udongo hauonekani. Nilimgonga bega akasimama. Tulikaa chini ya mmoja hatuna haraka, mama mmoja akapita na ndoo kichwani, tukamwamkia, akauliza mmeharibikiwa? Tukasema hapana mama, tunaangalia maua. Akatuangalia sana afu akasema haya, Mungu awabariki. Hakucheka yule.

Kisorya unapanda kivuko kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Tangu MV Nyerere izame pale Ukara Septemba 2018 na kuchukua watu zaidi ya 200, mimi nikipanda chombo cha majini cha kwanza nauliza jaketi za kuokolea ziko wapi, na nikiona watu wamejaa kupita kiasi nasubiri kingine. Mkiona aibu kuuliza mtaumia. Pikipiki isimamishwe vizuri kwenye gia, na wewe ushuke, usibaki umekaa juu yake.

Nansio tulipata gesti safi ya bei ya kawaida, jioni sato wa kuchoma na ugali, machungwa ya Ukerewe mpaka nikashindwa kubeba. Hayo mengine ya usiku ni yetu.

Kuna wanaume watasema pesa hakuna. Ile pesa ya bia za wikiendi mbili inatosha mafuta. Kuna wanawake watasema mume wangu hataki, je umemwambia? Au unasubiri ajue mwenyewe? Wengi tunakaa nyuma kwenye ndoa kimya, tunaumia na matuta, tunasema ndo maisha. Sema. Gonga bega. Na wewe baba ukigongwa bega simama, usijibu kwamba tunakaribia, hakuna kukaribia kwa mtu anayeogopa, mwendo ni wa aliyekaa nyuma, narudia tena.

Mdogo wangu, kwa hiyo Novemba hii nendeni, ila mara ya kwanza msiende Ukerewe, nendeni Kigongo mvuke daraja mpaka Sengerema mle samaki, mrudi kwa kivuko cha Kamanga kinachowashusha mjini kabisa, siku moja inatosha kujua kama kiuno chako kinaweza. Ukirudi mzima ndo mpange Nansio. Jumapili mtoke kisiwani na kivuko cha mapema, ratiba muiulize siku ile ile mnayofika, giza lisiwakute kati ya Lamadi na Magu mana ng'ombe na baiskeli zisizo na taa hauzioni mpaka uwe umefika. Na helmeti usimwachie mumeo akununulie kwa kukisia, nendeni wote dukani uivae, utikise kichwa, ikicheza iache hapo hapo.