Kabla ya kuchora ziwa, chora chumba

Wengi wanaoanza rangi za mafuta hapa Kigoma hukimbilia ziwani. Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, maji yanageuka dhahabu, mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake, nani asitamani? Ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni huu: anzia ndani ya nyumba. Machweo yanabadilika kabla hujamaliza kuchanganya rangi. Chumba chenye dirisha moja kinakupa saa nzima ya mwanga uliotulia, na karibu kila unachotakiwa kujifunza kuhusu mwanga kimo humo.

Katika hili nimejifunza zaidi kwa mtu aliyefariki mwaka 1675. Johannes Vermeer, Mholanzi wa mji wa Delft, alichora mtumishi akimimina maziwa jikoni. Mchoro wenyewe ni mdogo, sentimita 45.5 kwa 41, na uko Rijksmuseum, Amsterdam. Makumbusho hayo yanakuruhusu kupakua picha yake bure kutoka kwenye tovuti yao, tena kubwa. Ipakue, ikuze, kisha uache kwanza uso wa yule mama na buluu ya aproni yake. Tazama ukuta.

Tunauita ukuta mweupe, ila weupe wenyewe ni kidogo mno. Kule kushoto, kwenye pembe ya dirisha, ni kijivu kizito. Ukienda kulia unapanda polepole hadi unang'aa. Sasa angalia mwanamke alivyowekwa: upande wake wenye mwanga uko mbele ya ukuta wenye kivuli, na upande wake wenye kivuli uko mbele ya ukuta unaong'aa. Hapo ndipo uzito wake unapotoka. Halafu kuna msumari mdogo ukutani, una kivuli chake, na matundu ya misumari iliyong'olewa. Msumari ule unanigusa kila ninapoutazama. Mtu aliyeupa msumari heshima kiasi hicho hakudharau chochote mle ndani.

Unakili mchoro huo kwa rangi moja tu. Amba, ile kahawia ya udongo, inafaa sana kwa sababu hukauka haraka kuliko nyingine nyingi. Ipunguze kwa tapentaini, finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, upange giza na mwanga peke yake. Rangi nyingine zije hatua hii ikishakauka, na tabaka za juu ziwe na mafuta mengi kuliko za chini. Ukigeuza, ya juu itakauka kwanza na itapasuka ya chini inapoendelea kujivuta.

Kanvasi ya dukani ni ghali. Kitambaa cha marekani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao kinatosha kwa mazoezi, mradi ukipake kwanza tabaka za kukinga, maana mafuta yakigusa kitambaa kitupu hukiozesha. Rangi ya mafuta ya milango usiiguse kwa kazi hii.

Kisha ingia kwenye chumba chako. Vitabu vya Ulaya vinashauri dirisha linalotazama kaskazini ili jua lisiingie moja kwa moja. Huko kwao ni sawa. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua letu linahama: kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba, saa sita mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo tulivu. Kati ya Oktoba na Februari, tumia la kaskazini. Wa Tabora nao wafuate hivyo hivyo, latitudo zetu zinakaribiana.

Mimi humchora mama mdogo akichambua mchele kwenye ungo karibu na dirisha, Ujiji. Ukuta ni wa chokaa. Toboa kadi ya kijivu matundu mawili, ulitazame eneo moja la ukuta kupitia tundu hili na jingine kupitia lile. Utashtuka. Karibu na sakafu chokaa ina wekundu, kwa sababu mlango uko wazi na jua linapiga udongo mwekundu wa uani, unaorudisha rangi yake ndani. Juu, chini ya bati, chokaa hiyo hiyo inaelekea bluu. Ukingo wa ungo una mstari mwembamba wa mwanga upande wa dirisha tu, na kidole gumba cha mama kinaukata. Mstari huo upake mwisho, kwa mpigo mmoja wa brashi, usiurudie.

Jambo moja la usalama, hasa kwa wanaochorea chumba cha kulala. Matambara yenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi hizi, yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yatie kwenye ndoo ya maji. Na vanishi isubiri miezi 6 hadi 12, kutegemea unene wa rangi, kwa kuwa mafuta haya hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Yanakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kazi hiyo inaendelea ndani hata juu kukiwa kukavu.