Jibu: Uwekezaji wa mali za kudumu, Tanzania na Uganda

Salaam mkuu, nakujibu toka Mwanza. Umesema kwenye grafu yako ya uwekezaji wa mali za kudumu (majengo, barabara, mitambo na kadhalika), mstari wa Tanzania unaruka ghafla ukiuweka kando ya wa Uganda. Kagua kwanza mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndizo msingi wa kupimia pato la taifa: Tanzania ilihamia 2015, Uganda 2016/17. Ukiunga takwimu za kizio cha zamani na kipya bila kuzioanisha, mruko unaotokana na hilo si uwekezaji hata kidogo. Pia Uganda ina mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Ukikosa jedwali lake la Januari hadi Desemba, chukua wastani wa miaka miwili ya fedha inayofuatana.

Shilingi kwa shilingi usilinganishe. Tumia asilimia ya pato la taifa, uwekezaji na pato vyote kwa bei za mwaka husika.

Kumbuka pia miradi mikubwa: Daraja la Kigongo–Busisi, lile la Ziwa Victoria huku Mwanza, liliingia hesabuni kidogo kidogo ujenzi ukiendelea, siyo lote 2025 lilipofunguliwa. Fidia ya ardhi iondoe, maana ardhi yenyewe haihesabiwi kama uwekezaji huu.