Msomaji Auliza: Mitindo ya Katuni Yaweza Kunijenga Mwili?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, niliyehamia Umoja, Nairobi, mwezi uliopita kutoka Mombasa. Tangu utotoni napenda katuni ya Avatar: The Last Airbender, ambamo watu huyatawala maji, ardhi, moto na upepo kwa miondoko ya mwili. Sina pesa za jimu, ila tuna paa la ghorofa tunapoanika nguo. Je, naweza kujitungia mazoezi kutokana na mitindo hiyo minne, au ni mchezo wa watoto tu?

JIBU: Marahaba. Si mchezo wa watoto, kwa kuwa waliotengeneza katuni hiyo, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005, waliichota miondoko yake katika sanaa za kupigana za Uchina wakisaidiwa na mwalimu wa kungfu, Sifu Kisu. Maji yametokana na tai chi, ardhi na Hung Gar, moto na Shaolin ya Kaskazini, na upepo na baguazhang. Kwa hiyo fuata sanaa zenyewe, wala usiige kila unachokiona kwenye skrini, maana mtu wa kuchorwa hateguki goti.

Anza na ardhi. Hung Gar inasifika kwa mkao wa farasi: tanua miguu kupita upana wa mabega, kisha shuka kana kwamba umempanda mnyama huyo, mgongo ukiwa wima na magoti yakielekea kule vinakoelekea vidole vya miguu. Kaa hivyo sekunde 20, pumzika, rudia mara tatu, na kila juma uongeze sekunde 5. Goti likiuma, usishuke sana. Wengi huuruka mkao huu kwa sababu haupendezi kutazamwa, nami nauona kuwa wenye faida kuliko mengine yote utakayoyafanya hapo juu.

Kwa upepo, chora kwa chaki duara la hatua nane, ulizunguke huku kiwiliwili kimegeukia katikati, na kila baada ya mizunguko michache ugeuke uelekee upande wa pili. Dakika 10 zitakufanya utwete, hasa wewe uliyetoka usawa wa bahari ukaja kuishi takriban mita 1,700 juu yake.

Mateke ya moto yawe ya chini na ya polepole, kumi kwa kila mguu. Yale ya kuruka yaache kabisa kwa sasa, kwani paa la saruji si mahali pa kujifunzia kutua. Tai chi iwe ya mwisho, ya kuupoza mwili. Ipo mifuatano mifupi, ukiwemo ule wa miondoko 24 uliotungwa Uchina mwaka 1956, unaochukua kama dakika sita.

Lakini mazoezi hayo yote, ukiyafanya peke yako bila vifaa, yana pengo moja: hayakufundishi kuvuta. Chukua mtungi wa lita 20, ambao ukijaa maji huwa na kilo 20, uujaze nusu kwanza, uiname kutoka kiunoni bila kupinda mgongo, kisha uuvute hadi ubavuni mara nane kwa kila mkono. Siku mifereji inapokauka, kuupandisha ngazi mpaka nyumbani kunatosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Nusu saa kwa siku tano itakufikisha hapo, mkao wa farasi na mtungi vikipata siku tatu zisizofuatana. Duara lako lichore alfajiri, kabla majirani hawajatundika nguo.